Chota, Usichague

Jumapili, 3 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kabla hujauliza: nakula, nalala, na miguu imeacha kuvimba.

Nimepata kazi, ndiyo maana karatasi hii ina harufu ya plastiki. Ni kiwanda cha vifungo. Tafadhali usimwambie jirani kwamba niko kwenye vifungo halafu ukanyamaza, maana namjua yule, kabla ya jioni mtaa mzima utakuwa unaniombea nitoke gerezani. Ni vifungo vya shati, shangazi, vya matundu manne, kama unavyoviweka kwenye kopo la maziwa ya unga.

Niko kwenye majaribio ya miezi mitatu. Nikiyapita wananiajiri, na nikiajiriwa nakuja kumchukua Nukta. Chumba nimeshapata. Kiko uani kwa mama mmoja ninayefanya naye kazi, fundi wa mashine namba tatu. Wote wanamwita Bi Nyundo, kwa sababu mashine ikimgomea huigonga ubavuni mara moja tu, ikatii. Watu wanamwogopa. Mimi aliniangalia juu chini akauliza kama nina mtoto. Nikasema ninaye, wa miaka mitano, yuko kwa shangazi yangu aliyenilea. Akasema wa kwake wamekua wakatawanyika, na nyumba imekuwa kimya kama duka lililofilisika, kwa hiyo mtoto akija asije na adabu nyingi mno. Nimempenda papo hapo.

Wiki hii wamenitoa kwenye kufunga paketi, wakaniweka kwenye ukaguzi wa hiyo mashine namba tatu. Mkuu wetu ni kijana mpole mwenye miwani, tunamwita Bwana Wastani, maana hamalizi sentensi bila neno hilo. Hata chai kwake ina sukari ya wastani. Alinielekeza mbiombio, mkono mmoja ukiwa kwenye begi, alikuwa anasafiri kwenda kumuuguza baba yake. Akaniambia vifungo vinatoka mashineni vinajaa kwenye debe, ni maelfu, hatuwezi kuvitazama vyote. "Kwa hiyo kila debe, chagua hamsini, hesabu vibovu, weka nukta kwenye chati." Nilicheka aliposema nukta, akadhani namcheka yeye. Chati ni karatasi ya miraba. Kila debe lina nukta yake, na vibovu vikiwa vingi nukta inakaa juu zaidi. Kuna mstari mwekundu. Nukta zikiuvuka, mashine inaumwa.

Shangazi, hii kazi ulinifundisha wewe, nikiwa bado sijaota meno ya mbele, na ungo mapajani. Namwaga debe mezani, natandaza, jicho linakimbia lenyewe. Chenye matundu matatu, hicho. Kilichomeguka, hicho. Nachagua kama mchele wa wageni. Wenzangu wanamaliza mapema, mimi nabaki nimeinama, lakini hakuna kinachonipita.

Nibusie Nukta kwenye kovu la goti. Niambie anasemaje akiniulizia.

Wako,
Mama Nukta


Jumatano, 13 Machi

Mwanangu Mama Nukta,

Marahaba. Jirani nimemwambia hivyohivyo, kwamba uko kwenye vifungo, kisha nikanyamaza makusudi. Kesho yake alikuja na sukari kilo nzima ya kunifariji. Nimeipokea. Akikuona umerudi mzima atajua mwenyewe.

Nukta hajambo kabisa. Anakula, anaimba, anahesabu hadi thelathini na kuruka kumi na saba tu, ile haipendi. Anakutaja kila asubuhi. Mimi cherehani yangu inalia tangu alfajiri, nguo za watu zinatoka kwa wakati na wanashukuru. Hapa hakuna la kukutia wasiwasi hata moja, kwa hiyo usilitafute.

Wewe chagua. Isikupite hata chuya moja. Nilikufinya masikio kwa ajili ya mawe uliyokuwa unayaacha, ukanichukia, leo unalipwa kwa masikio hayohayo. Huyo Bi Nyundo msalimie. Mwanamke anayepiga mashine ikatii namhitaji hapa kwa ajili ya jirani.

Shangazi yako,
fundi cherehani asiye na mpinzani mtaa huu


Ijumaa, 29 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina utani.

Bi Nyundo amesimamishwa kazi. Ni ile chati. Kabla sijaanza mimi, debe nyingi za mashine yake hazikuwa na kibovu katika hamsini, na mara mojamoja kimoja. Tangu nimeshika ukaguzi naandika kumi, naandika kumi na tatu. Nukta zangu zote ziko juu ya mstari mwekundu, zimepangana kama kunguru kwenye waya. Bwana Wastani bado yuko kwa baba yake, kwa hiyo karatasi zilikwenda moja kwa moja kwa meneja. Meneja akaja na mafundi, wakaifungua mashine, wakaikagua kutwa nzima, hawakuona kitu. Basi akasema kama si mashine ni mikono ya anayeiendesha. Akamwambia mbele yetu kwamba amezembea. Bi Nyundo alisema tu, "Mashine yangu naijua." Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti chake kama mtu anayelaza mtoto.

Jioni nilimkuta kibarazani. Nikaanza kumpa pole, ingawa nukta ni zangu. Yeye ndiye aliyenifariji mimi. Akasema, "Umeandika ulichokiona. Ungeandika uongo ndiyo ningekulaumu." Akanieleza kwamba wasipomrudisha mwisho wa mwezi ujao ataifunga nyumba aende kwa mwanawe mkubwa. Hakusema chumba changu kitafungwa pamoja nayo. Hakuhitaji kusema. Nilikuwa nimeshamnunulia Nukta kikombe, nimekitundika kwenye msumari.

Kinachonichanganya ni hiki. Nikishachagua hamsini vyangu, vile vinavyobaki mezani ni vizuri vyote. Vinang'aa, matundu yamekaa sawa. Navirudisha kwenye debe nikijiuliza hiyo mashine mbovu iko wapi.

Na wewe mwandiko wako umekuwaje? Zamani ulikuwa unaandika herufi kama sisimizi. Sasa maneno manne yanajaza mstari.

Mama Nukta


Jumanne, 9 Aprili

Mwanangu,

Nimenunua kalamu mpya, ncha yake nene. Usiniletee ukaguzi mpaka kwenye mwandiko.

Habari ya huyo mama imeniuma. Mimi si mtu wa viwanda, lakini kuna jambo halijakaa sawa kichwani mwangu, na wewe unanijua, kisichokaa sawa hukifumua. Unasema unachagua hamsini, na vinavyobaki mezani ni vizuri vyote. Sasa hivyo hamsini ulivyochagua ni vipi? Mimi nikichagua mchele, halafu lile konzi la mawe na chuya nikalipeleka kwa mwenye duka, nikamwambia ndio mchele wake huu, si atanipiga na mizani? Naye atakuwa na haki.

Huyo Bwana Wastani alisema chagua. Umemuuliza ni kuchagua kupi?

Nukta hajambo. Kila kitu hapa ni shwari.

Shangazi yako


Jumapili, 21 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisomea getini, nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye konzi la mawe, nilikaa juu ya tofali la mlinzi. Akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia bado.

Bwana Wastani alikuwa amesharudi, baba yake amepata nafuu. Sitakudanganya, sikwenda kwake siku hiyo. Nilijiambia nikinyamaza majaribio yataisha na kazi nitaipata. Kisha nikirudi nyumbani naona ile aproni ambayo Bi Nyundo hanayo tena, yaani naona pale ilipokuwa inaanikwa kwenye kamba. Nikaenda.

Aliniambia nimwonyeshe ninavyofanya. Nikamwaga debe, nikatandaza, nikaanza. Alitazama kidogo, akavua miwani.

"Mama Nukta, hapo unafanya nini?"

"Nachagua."

"Unachagua nini?"

"Vibovu. Vikiisha, najazia na vizima mpaka vitimie hamsini."

Akakaa juu ya debe tupu. Akaniuliza kwetu mtu akiambiwa achague mchele anafanyaje, nami nikamweleza ungo, mawe, chuya, na masikio yangu yalivyofinywa. Akasema kwao mchele huja na mfuko, umeshasafishwa, hajawahi kushika ungo maishani. Kisha akacheka kidogo, cheko la mtu aliyejichoma na sindano yake mwenyewe. "Mimi nilitaka uvichukue tu. Vyovyote. Kama vile huoni."

Akanieleza polepole, na safari hii hakuwa na begi mkononi. Kumbe hatukagui ili tusafishe debe, shangazi. Debe tunaliuliza habari za mashine. Vifungo hamsini vilivyochukuliwa bila kuangaliwa usoni vinaweza kusema ukweli wa maelfu, si ukweli kamili, ila ule ulio karibu. Nikichagua vibovu nimelifanya debe liseme uongo. Nikichagua vizuri, vilevile uongo, ila huo ni mtamu. Nikamwambia ndiyo maana mchagua nazi hupata koroma. Akaomba nirudie ili aandike.

Sasa hasemi tena chagua. Anasema chota. Na kuchota nako kuna adabu yake. Usichote juu tu, kwa sababu vipande na vumbi huteremka chini debe linapobebwa, juu hubaki sura. Unakoroga mpaka chini, unatazama kando, mkono unachukua unachokuta. Tulirudishia madebe ya mwezi uliopita yaliyokuwa bado stoo vile hamsini vyake nilivyoweka kando, tukakoroga, tukachota upya. Kimoja. Hakuna. Hakuna. Kimoja. Nukta zikateremka chini ya mstari zikatulia.

Tukaenda kwa meneja. Bwana Wastani alianza kusema kwamba neno lilikuwa lake, na ni kweli, lakini mkono ulikuwa wangu. Nikasema, "Bi Nyundo hakuzembea. Nilimchagulia mabaya." Meneja akaniuliza kama najua kwamba bado niko kwenye majaribio. Nikasema najua.

Bi Nyundo amerudi kazini. Mimi hawakunifukuza, ila majaribio yanaanza upya, kama sijawahi kuingia. Kwa hiyo Nukta siji kumchukua mwezi ujao, shangazi. Nilimwahidi, nawe ukamwahidi kwa niaba yangu. Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili wasinisikie.

Nilipomweleza Bi Nyundo, alikuwa anakata vitunguu. Hakugeuka. "Kwa hiyo jiwe la mchele lilikuwa mimi," akasema. Akaendelea kukata. Tulikaa siku kadhaa tukipishana uani kama wapangaji wasiofahamiana. Halafu jana asubuhi nikakuta ufunguo wa pili wa geti dirishani kwangu, ule aliosema atautoa mtoto akija.

Sasa sikia, na usikasirike. Tangu siku hiyo nazisoma barua zako kwa jicho jingine. Nukta anaimba. Nguo zinatoka kwa wakati. Hakuna la kutia wasiwasi hata moja. Shangazi, debe lisilo na kibovu hata kimoja mwaka mzima halipo. Bwana Wastani anasema likiwepo, mbovu ni mkaguzi. Unanichagulia. Mawe yote umeyatoa, umeniletea mchele mweupe nikiwa mbali, nami nakushukuru, lakini haunishibishi.

Ndani ya bahasha kuna vifungo saba. Cheupe ni Jumatatu, chekundu Jumanne, cheusi Jumatano, cha kijani Alhamisi, cha bluu Ijumaa, cha njano Jumamosi, cha kahawia Jumapili. Vitie kwenye kopo, utikise, Nukta aingize mkono bila kuchungulia. Siku atakayoitoa, niandikie yote, toka kuamka hadi kulala. Lililo zuri na lisilo zuri. Usichague.

Mama Nukta


Alhamisi, 2 Mei

Mwanangu,

Kilitoka cha kijani. Nilitaka arudie, nikamwambia mkono haukukoroga vizuri. Akaniambia mama amesema bila kuchagua. Mmenizunguka wawili.

Basi Alhamisi ni hii.

Nimeamka nikatia chumvi kwenye chai. Makopo yanafanana. Si mara ya kwanza, Nukta sasa anaonja kabla yangu. Kisha amenitungia sindano. Kila asubuhi kabla hajaenda kucheza ananitungia uzi kwenye sindano zote, anazichomeka kwenye kimto kwa mstari, naye hujisifu kwamba hata mbu angemtungia. Zikiisha namngoja arudi. Kalamu haina ncha nene, mwanangu. Kalamu ni ileile.

Kabla ya adhuhuri kaja mteja wa blauzi. Vifungo nilivishona upande huu, matundu yakaenda kwao. Alijaribu kuifunga mbele ya kioo, shingo ikapinda. Hakunitukana, ningependa angenitukana. Alikunja kitambaa chake akasema atampelekea yule fundi wa njia panda, mimi nipumzike. Nimpumzikie nani?

Mganga wa zahanati alinimulika tochi zamani kidogo, sikukuambia. Alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nikamjibu mtoto ninaye mmoja ananitosha. Hakucheka. Alisema hutolewa katika hospitali kubwa, kazi ndogo, watu wanarudi wanaona. Nikasema nitakwenda. Kumwacha Nukta na nani?

Sasa lililo chini kabisa ya debe. Nukta hakutaji kila asubuhi. Mwanzoni ndiyo. Siku hizi zinapita siku. Leo mchana alikuwa ananiita nimwone akiruka, akaita "Mama!" Kisha akasimama, akaniangalia aone nitasemaje. Sikumrekebisha. Nilifurahi, mwanangu. Hilo ndilo jiwe lenyewe, na nilikuwa nimelificha mpaka kwangu mwenyewe.

Amelala na vile vifungo vyako saba kwenye ngumi. Nimejaribu kuifungua nivihifadhi, imekataa.

Ndiyo Alhamisi hiyo. Umeitaka.

Shangazi yako


Jumapili, 12 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimelia, nimemaliza, nimenawa.

Bwana Wastani anatufundisha tusiisimamishe mashine kwa sababu ya nukta moja. Mashine nzima huwa na siku yake mbaya. Kwa hiyo Alhamisi yako peke yake isingenitisha. Chumvi kwenye chai hata mimi nimewahi kutia. Ila kuna jambo jingine alitufundisha. Nukta zikiwa zinapanda, kila moja juu ya mwenzake, usingoje zifike kwenye mstari mwekundu. Hapo mashine inakuambia inakokwenda, ikiwa bado inatoa vifungo vizuri.

Nilizitoa barua zako zote, na zile za zamani za mwaka jana ninazoziweka chini ya godoro, nikazipanga kwa tarehe. Nikachukua rula nikapima urefu wa herufi katika kila barua, sikuchagua mstari, nilifumba macho nikaweka kidole. Nikaweka nukta kwenye karatasi ya chati iliyoharibika. Zinapanda, shangazi. Hakuna hata moja iliyoshuka.

Nikampelekea Bi Nyundo. Aliishika akaisogeza kwenye mwanga, akauliza ni mashine namba ngapi hii. Nikamwambia ni shangazi yangu. Akaigonga ile karatasi kwa kidole, mara moja tu. "Isimamishwe leo."

Amesema chumba kinatosha watu watatu kitanda kikiinuliwa kwa matofali, na cherehani ikae barazani kwake mpaka itakapopata macho. Hospitali ya macho iko nyuma ya ukuta wa kiwanda, wagonjwa nawaona kila siku wakitoka na bandeji, wanatembea kama wanaokanyaga sakafu yenye maji, na baada ya siku kadhaa nawaona wanasoma mabango. Bi Nyundo ameshawauliza. Ukilazwa kule, Nukta atakuwa naye. Anasema amechoka na kimya.

Kazi bado sijahakikishiwa. Huenda mwisho wa majaribio wakaniambia kwaheri. Najua, na nauli nimeituma hivyohivyo kwa yule dereva wa lori anayepakia maboksi yetu. Atapita kwenu Jumamosi.

Nukta akikuita mama, itika. Mimi nimekuita shangazi miaka yote hii kwa mazoea ya ulimi tu. Na mimi akinisahau jina atanizoea tena, nitamtungia sindano naye anitungie. Niletee watoto wote wawili, wa mkononi na wa jicho.

Nakujua, sasa hivi unasimama katikati ya chumba unajiuliza kipi kije na kipi kibaki, kipi bado kizima na kipi kitakutia aibu kwa Bi Nyundo. Lile kopo la vifungo, kimto cha sindano, ungo uliotoboka, sukari ya jirani. Weka chini, shangazi. Usichague. Chota.

Mwanao,
Mama Nukta